Kirusi kiko wapi ndani ya mmea? Hoja za pande mbili kuhusu kingamwili zinazong'aa

Maabara nyingi zinazopima mihogo na viazi vitamu Afrika Mashariki hutegemea vipimo viwili: ELISA, inayotambua protini ya kirusi kwa kingamwili (protini za kinga zinazoshika kitu kimoja mahususi), na PCR, inayotafuta jeni zake. Jani linasagwa, maji yake yanapimwa, jibu linatoka: kirusi kipo au hakipo. Mkulima anayetaka kujua kama vipando vyake ni safi hahitaji zaidi ya hapo. Ndiyo maana kila inapotajwa kazi ya kukata tishu vipande vyembamba, kuviwekea kingamwili zenye rangi ing'aayo na kukaa kwenye chumba cha giza mbele ya darubini, wengine huuliza siku mbili tatu hizo zinapotezwa kwa nini wakati PCR inatoa jibu kabla ya jioni. Wa upande wa pili hujibu kwamba jani likishasagwa, habari ya mahali kirusi kilipokuwa imesagwa pamoja nalo.

Tuseme msimamo wetu mapema. Kwa kuthibitisha usafi wa mbegu na vipando, mbinu hii haifai, na anayeitetea kwa kazi hiyo anaiharibia jina. Kwa kuelewa kwa nini aina fulani ya mhogo inavumilia kirusi na jirani yake inaoza mizizi, kuiacha ni hasara ambayo tayari tunaibeba.

Viazi vitamu vinaonyesha jambo hilo vizuri. Ule ugonjwa mkali wa virusi unaodumaza mmea na kuacha majani membamba, yaliyopauka na kujikunja, hutokea virusi viwili vinapokutana: SPFMV kinachoenezwa na vidukari, na SPCSV kinachoenezwa na nzi weupe. Kila kimoja kikiwa peke yake, dalili ni hafifu au hazipo kabisa. Katika utafiti wa Karyeija na wenzake uliochapishwa mwaka 2000, uliotumia aina ya viazi iitwayo Tanzania, SPFMV kiliongezeka mara 600 pale SPCSV kilipokuwemo. Namba hiyo inaweza kupatikana kwa tishu zilizosagwa. Kilichobadilisha maana yake ni mahali. SPCSV kilibaki ndani ya floemu, mirija inayosafirisha sukari, ilhali SPFMV hakikufungiwa humo. Kwa maneno mengine, kirusi kimoja kinakinufaisha kingine ndani ya seli ambazo chenyewe hakimo. Watafiti wakalazimika kufikiria ishara za kinga zinazosafiri kupitia floemu, na kuyaacha maelezo mepesi kwamba virusi hivyo viwili vinaishi seli moja na kusaidiana humo.

Kanuni yenyewe ni ya zamani. Albert Coons na wenzake huko Harvard walifunga rangi kwenye kingamwili mwanzoni mwa miaka ya 1940, wakitafuta bakteria wa nimonia. Mwaka 1969, Otsuki na Takebe wa Japani waliitumia kuonyesha kirusi cha tumbaku, TMV, ndani ya seli za jani zilizovuliwa kuta zake. Siku hizi wengi hutumia hatua mbili: kingamwili ya kwanza, aghalabu ya sungura, hushika ganda la protini la kirusi, ya pili, ya mbuzi, hushika ile ya sungura na ndiyo iliyobeba rangi. Rangi ya FITC hufyonza mwanga wa buluu wa takriban nanomita 495 na kutoa wa kijani wa nanomita 519. Njia ya hatua mbili ina faida ya wazi: kingamwili kadhaa za pili hukaa juu ya moja ya kwanza na kuongeza mwanga, na chupa moja ya ile ya pili hutumika kwa virusi vyote ambavyo seramu zake (maji ya damu yenye kingamwili) zilitoka kwa sungura.

Ugumu unaanza pale tishu inapokuwa ya mmea, na hapa wapinzani wana haki ya kusikilizwa.

Kwanza kuna ukuta wa seli. Kingamwili ya IgG ina uzito wa takriban kilodaltoni 150 na upana wa nanomita 10 hivi au zaidi. Vitundu vya ukuta wa seli ni vya nanomita 3.5 hadi 5. Haipiti. Lazima seli ikatwe, au ukuta umeng'enywe kwa vimeng'enya, au seli zivuliwe kuta kabisa zibaki protoplasti. Kila njia inaharibu kitu. Ukikata, ni seli zilizopasuliwa tu ndizo zinazoonekana. Ukimeng'enya kupita kiasi, tishu inalegea na kubanduka kwenye slaidi wakati wa kuosha. Protoplasti huingiza kingamwili vizuri sana, lakini haziwezi tena kukuambia kama seli ilikuwa kando ya mshipa au chini ya ngozi ya jani.

Utaratibu unaofanya kazi kwa majani ya mhogo na viazi ni huu. Kipande cha milimita 5 kwa 3 hukatwa kikiwa tayari kimezamishwa kwenye paraformaldehaidi ya asilimia 4, ndani ya bufa ya fosfeti (kimiminika kinachoshikilia pH) yenye pH 7.2, ili utomvu usitapakae na seli zisianze kukauka. Triton X-100 ya asilimia 0.1 husaidia kimiminika kupenya nta ya jani. Kisha pampu ya kuvuta hewa: hewa iliyo katikati ya seli isipotoka, dawa haiingii. Kipande kinachoelea bado, kinachozama kiko tayari kulala usiku mzima kwenye nyuzi 4 za Selisiasi. Wanaotumia glutaraldehaidi kwa kuwa inatunza umbo vizuri zaidi hulipia baadaye, maana yenyewe huacha mng'ao kwenye tishu nzima na hubana protini hadi kingamwili nyingi zishindwe kuzitambua.

Baada ya kuosha mara tatu, dakika 10 kila mara, na kuziba aldehaidi zilizobaki kwa glisini ya 0.1 M kwa dakika 20, tishu hukatwa. Kisu cha mtetemo hutoa vipande vya mikromita 50 hadi 80 vilivyoshikwa kwenye agarosi, bila joto kali. Kukata kwa baridi baada ya kuloweka kwenye sukari ya asilimia 30 hutoa vya mikromita 15 hadi 20. Nta ya kawaida hutoa vyembamba zaidi, lakini huyeyuka kwenye nyuzi 56 na kuendelea, joto linaloua baadhi ya antijeni, yaani sehemu ambazo kingamwili hushika. Nta ya Steedman huyeyuka kwenye nyuzi 37 hivi na huondolewa kwa ethanoli, ndiyo salama kwa kazi hii. Selulasi ya asilimia 1 na maserozaimu ya asilimia 0.2 kwa dakika 10 hadi 15 hufungua kuta. Albumini ya ng'ombe ya asilimia 3 huziba sehemu zinazonata, nusu saa hadi saa nzima.

Kisha tone la mikrolita 40 la kingamwili ya kwanza, saa 2 kwenye nyuzi 37 au usiku mzima kwenye nyuzi 4, slaidi ikiwa ndani ya sahani ya petri yenye karatasi iliyolowa. Tone likikauka pembeni, pembe hizo zitang'aa hata kama mmea ni mzima, na hakuna kuosha kutakakoziokoa. Kuosha ni mara tatu tena kwa bufa yenye Tween 20 ya asilimia 0.05. Kingamwili ya pili huzimuliwa mara 100 hadi 200, saa moja, gizani. Mwisho ni gliserini yenye pH 8.5 au zaidi pamoja na DABCO ya kuzuia kufifia. Hatua hii ya pH hupuuzwa sana: chini ya pH 7 mwanga wa FITC hupungua kwa kiasi kikubwa, na kazi nzuri ya siku mbili inaonekana kama imeshindikana kwa sababu ya gliserini ya kununua iliyochanganywa na maji matupu.

Kikwazo cha pili ni kwamba mmea unang'aa wenyewe. Klorofili hutoa mwekundu, karibu na nanomita 680, na huo si tatizo kubwa kwa anayetumia kijani, ingawa ni tatizo zito kwa anayechagua Cy5 au rangi nyingine za eneo hilo. Ethanoli huondoa sehemu kubwa ya klorofili hata hivyo. Hatari zaidi ni lignini, inayokaza kuta za seli, na fenoli, ambazo hung'aa kwa upana kuanzia buluu, kijani hadi manjano. Lignini imejaa kwenye zailemu, mirija ya maji, na zailemu iko ubavuni mwa floemu, mahali hasa ambapo mtu anakitafuta SPCSV. Kwenye mhogo wenye ugonjwa wa virusi wa michirizi kahawia, zile sehemu zilizokufa za mzizi na shina zimejaa fenoli zilizooksidishwa. Kwa hiyo pale jicho linapoona ugonjwa mkali zaidi, ndipo darubini inapotoa uongo mkali zaidi. Sampuli inapaswa kutoka ukingoni mwa doa, kwenye tishu iliyo hai bado, kamwe si katikati yake.

Kuna njia za kupunguza hilo. Toluidini buluu ya asilimia 0.05 kwa dakika chache huzima mng'ao mwingi wa kuta. Rangi inayowashwa kwa nanomita 555 hivi na kutoa chungwa kabla ya eneo la klorofili mara nyingi huwa safi kuliko FITC kwenye mishipa. Na kuna suala la kichujio ambalo wauzaji wa darubini hawalielezi. Kichujio chembamba cha nanomita 510 hadi 540 hufanya kila kitu kiwe kijani, cha kweli na cha uongo. Kichujio kirefu kinachopitisha kila kitu kuanzia nanomita 515 huonyesha klorofili nyekundu, lignini ya manjano-kijani na FITC ya kijani kibichi kikali, na jicho lililozoea hutofautisha. Kwa kupiga picha chukua chembamba, kwa kuamua anza na kirefu.

Kikwazo cha tatu hakihusu darubini. Seramu ya sungura hutengenezwa kwa kumdunga kirusi kilichosafishwa kutoka kwenye majani, na usafishaji huo haukamiliki. Ndani yake hubaki protini za mmea, hasa Rubisco, ambayo peke yake inaweza kufikia karibu nusu ya protini zote zinazoyeyuka za jani. Sungura hutengeneza kingamwili dhidi ya hizo pia. Kwenye sahani ya ELISA kasoro hiyo huonekana kama namba kidogo juu ya sifuri na hukatwa kihesabu. Kwenye slaidi huonekana kama kloroplasti nzuri za kijani zilizopangika, na mtu mwenye shauku huandika kwamba kirusi kinaishi kwenye kloroplasti. Dawa yake ni kuichuja seramu: gramu 1 ya jani zima, lisilo na kirusi, husagwa kwenye mililita 5 za bufa, husukwa kwenye sentrifuji, maji yake ya juu huchanganywa na seramu kwa saa 1 kwenye nyuzi 37, hulazwa kwenye baridi, kisha husukwa tena ili mashapo yatoke. Jani hilo liwe la aina ileile ya mmea utakaochunguzwa.

Kiwango cha kuzimua nacho kinachaguliwa vibaya mara nyingi. Watu hupima mara 50, 100, 200, 400 na 800 kwenye jani lenye kirusi, halafu huchukua inayong'aa zaidi. Mfululizo huo upimwe sambamba kwenye jani zima, na kinachochukuliwa ni kile ambacho jani zima limekuwa giza huku lenye kirusi likiendelea kuonekana. Na slaidi za ulinganisho hazipungui nne: mmea mzima wa umri na aina ileile, mmea wenye kirusi uliowekewa kingamwili ya pili peke yake, mmea wenye kirusi uliowekewa seramu ya sungura kabla ya kudungwa, na kipande kisichowekewa chochote. Picha ya mmea mzima ipigwe kwa muda uleule wa mwanga kama picha ya mgonjwa. Kamera ikiachwa ijirekebishe yenyewe, italifanya giza liwe kijani.

Ukijumlisha haya, hoja ya wapinzani inakuwa nzito. Sahani moja ya ELISA ina visima 96. Kwa muda uleule fundi mmoja makini anasoma labda mimea michache kwa darubini. Kipande cha mikromita 20 kinawakilisha sehemu ndogo mno ya mmea, na kirusi cha michirizi kahawia hakisambai sawasawa ndani ya mhogo, kwa hiyo slaidi yenye giza haithibitishi lolote kuhusu usafi. Isitoshe, kingamwili huona ganda tu. Wakati wa mlipuko wa batobato kali ya mhogo Uganda miaka ya 1990, kirusi kilichokuwa kikienea kilijibu kingamwili kama ACMV, kirusi cha batobato cha kawaida. Mwaka 1997 ilichapishwa kwamba ni mseto: DNA-A yake, moja ya vipande viwili vya jeni zake, ilikuwa ya EACMV, kirusi cha batobato cha Afrika Mashariki, lakini sehemu ya kati ya jeni ya ganda lake ilitoka kwa ACMV. Kirusi kipya kilikuwa kimevaa vazi la zamani, na kusoma mfuatano wa jeni ndiko kulikokitambua. Hakuna darubini ambayo ingesaidia hapo.

Wapo pia wanaosema kwamba hata swali la mahali lina majibu mapya, hivyo kingamwili zimepitwa. Kirusi huweza kuwekewa jeni ya GFP, protini inayong'aa kijani, kikang'aa chenyewe katika mmea ulio hai. Ni kweli, na kufuatilia kirusi kikitoka seli hadi seli bila kuua jani ni jambo ambalo tishu iliyouawa kwa dawa haiwezi. Lakini hiyo inahitaji kwanza kloni ya kirusi inayoambukiza, kibali cha usalama wa viumbe, na uvumilivu, kwa sababu virusi vingi huitupa jeni hiyo ya ziada baada ya kuzaliana kwa muda. Na kirusi kilichobebeshwa mzigo si kile kilichoko shambani. Kingamwili hufanya kazi kwenye shina lililoletwa na mkulima asubuhi.

Mshindani wa kweli ni vinasaba-nasa, vipande vinavyojishikiza kwenye RNA ya kirusi ndani ya tishu. Kwa njia hiyo, watafiti wa DSMZ, hazina ya vijidudu huko Braunschweig, Ujerumani, walionyesha mwaka 2021 kwamba katika mihogo sugu yenye asili ya Amerika Kusini kirusi cha michirizi kahawia hakitoki floemu. Katika aina DSC 260 kilikuwa kikizaliana kwenye seli sindikizi za floemu. Katika DSC 167 ishara yake ilikuwa hafifu sana. Katika zote mbili hakikuingia tishu za pembeni. Vinasaba-nasa hivyo hubainisha aina za virusi vinavyofanana ganda, jambo ambalo kingamwili hushindwa. Udhaifu wao ni bei ya vifaa, pamoja na ukweli kwamba RNA ikiwepo si lazima ganda liwe limeundwa.

Hapo ndipo kingamwili zinapopata nafasi ambayo hatuoni kingine kikiijaza kwa gharama ya maabara ya kawaida. Ukitumia kingamwili ya sungura kwa ganda na ile ya panya iitwayo J2, inayoshika RNA ya nyuzi mbili ambayo virusi vya RNA huitengeneza vinapozaliana, unaweza kuziweka pamoja kwenye kipande kimoja kwa rangi mbili. Seli yenye zote mbili ni kiwanda. Seli yenye ganda tu huenda ni njia ya kupita. ELISA inatoa wastani: asilimia 10 ya seli zikiwa zimejaa kirusi, au seli zote zikiwa nacho kidogo, namba inaweza kuwa moja. Kwa mzalishaji wa mbegu anayechagua aina sugu, hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Gharama nayo imeshuka pale ilipokuwa inauma. Taa ya zebaki ya darubini hudumu saa 200 hadi 300 hivi, na maabara nyingi zimewahi kuwa na darubini nzima isiyo na taa. Darubini za LED zimeondoa tatizo hilo. Seramu za virusi vingi vya mimea zinauzwa na DSMZ, na za viazi vitamu zimekuwa zikitolewa na CIP, kituo cha kimataifa cha viazi cha Lima, Peru. Kinachobaki adimu ni fundi anayejua tofauti ya lignini na FITC, na huyo hupatikana kwa kusoma slaidi zilizofichwa majina, mgonjwa na mzima zikichanganywa, hadi majibu yake yalingane na ya mwenzake.

Mgawanyo wa kazi basi uko wazi kwetu. Vipando vya kusambazwa vipimwe kwa PCR au ELISA, kwa wingi. Darubini ibaki kwa mistari michache inayokaribia kutolewa kama aina mpya, na sampuli igawanywe mara mbili: nusu isagwe, nusu iingie paraformaldehaidi siku hiyohiyo. Isiwe ya jani peke yake. DSC 260 huzuia kirusi kisienee majani lakini kinabaki shinani na mizizini, kwa hiyo kipimo cha jani kitasema mmea ni safi, na mhogo hupandwa kwa shina. Vipande vitoke shinani, chini, katikati na juu, vikatwe kwa upana ili floemu na zailemu zionekane pamoja, kwa sababu sentimita 20 hadi 25 za shina hilo ndizo atakazopewa mkulima wa msimu ujao.